Nyumba ya Mikanjuni: shajara ya kuiandaa kwa mauzo, bajeti ya shilingi milioni mbili na nusu

8 Juni 2024: Kukagua kabla ya kununua hata msumari

Nyumba ni ya marehemu baba, ipo Mikanjuni, Tanga. Vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani, choo na bafu, ua mpana nyuma. Tofali za saruji, bati juu. Aliijenga kidogo kidogo kuanzia mwaka 1986. Mama magoti yamemshinda, amehamia kwa kaka Dar es Salaam, na tangu Januari nyumba imekaa tupu. Familia imekubaliana iuzwe ili kila mrithi apate haki yake. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi, dada yuko Muscat, na mimi ndiye niliyebaki hapa Tanga. Ni mwalimu, likizo imenikuta, kwa hiyo kazi imeniangukia.

Naandika hatua kwa hatua kwa sababu nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyefanya kazi kama hii kwa fedha ndogo, akataja bei na akataja alipoharibu. Sikuyapata. Atakayenifuata asianze gizani kama mimi.

Fedha: kaka ametoa 1,000,000, dada 1,000,000, mimi 500,000. Jumla 2,500,000. Dalali aliyekuja wiki iliyopita alisema ikiuzwa kama ilivyo itapata milioni 52. Sisi tunalenga 60.

Leo nilifanya jambo moja tu. Nilimleta mwalimu mwenzangu ambaye hajawahi kufika hapa, nikamfungulia mlango, nikamwomba aseme anachokiona, kwa mpangilio kinavyomjia. Alisimama sebuleni kidogo, akasema: "Kwanza harufu. Pili giza. Tatu, sioni pa kupita." Mimi nimekulia humu, pua yangu imeshazoea na macho yangu yanajua njia ya kupita katikati ya makochi. Peke yangu ningeanza na rangi ya geti. Sasa nina orodha, na imetoka kwa mgeni.

22 Juni: Kutoa vitu

Siku tatu baada ya Idi watu walikuwa bado mjini, nikauza kwa majirani na wapita njia: seti mbili za makochi, kabati la vyombo, jokofu bovu lililonunuliwa na fundi kwa ajili ya vipuri. Nimepata 310,000, zimeingia kwenye mfuko wa kazi. Guta safari tatu na vibarua wawili, 75,000.

Vitu vya baba nimevifunga kwenye sanduku moja na kulipeleka kwangu. Nawashauri wanaofanya kazi hii kwenye nyumba ya wazazi waanze na sanduku hilo, mapema, kabla vibarua hawajafika. Nilikuta miwani yake ndani ya droo ambayo tayari ilikuwa imebebwa hadi getini.

Sebule imekuwa kubwa mara mbili. Harufu haijaondoka.

30 Juni: Paa na popo

Harufu moja ilikuwa juu. Fundi alifungua kifuniko cha dari akakuta kinyesi cha popo kimejaa upande wa mashariki, na alama za maji sehemu nne. Bati lenyewe ni zima. Tatizo ni misumari. Mingine ilipigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, na maji hupita bondeni, kwa hiyo kila mvua tundu linakunywa. Tuliing'oa, tukaziba matundu kwa lami, tukapiga misumari mipya yenye raba juu ya mgongo. Kofia mbili, yaani bati za kufunika kilele cha paa, zilizotoboka kwa kutu zimebadilishwa.

Popo wanataka subira. Usizibe matundu mchana wakiwa ndani, watafia humo na harufu itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kwanza tulimulika kwa tochi kuhakikisha hakuna watoto. Jioni saa moja kasoro tuliketi uani kuhesabu matundu wanayotokea, yakawa mawili. Tukaziba moja, tukaacha la pili, na kesho yake usiku, walipokwisha kutoka wote, fundi akapanda akaziba la pili kwa wavu wa chuma. Kinyesi usikifagie kikavu, vumbi lake linaweza kuwa na ukungu unaoshambulia mapafu. Nyunyiza maji kwanza, vaa barakoa, kisha kusanya kwa koleo.

Misumari kilo 3 ni 18,000, kofia 28,000, lami 25,000, wavu 24,000, barakoa na glavu 6,000, fundi siku mbili 60,000. Jumla 161,000.

6 Julai: Rangi ya vyumba vya nyuma

Chumba cha nyuma kilikuwa na ukuta uliochubuka kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Fundi rangi ameshauri apige putti (unga wa kulainishia ukuta), kisha rangi ya mafuta mpaka urefu wa mita moja na kidogo, kwa sababu inafutika kwa kitambaa na inafunika madoa. Rangi ya mafuta galoni mbili 84,000, putti mifuko miwili 40,000, fundi siku tatu 90,000. Jumla 214,000. Ukuta umetoka laini, unang'aa, nimeridhika. Picha nimezituma kwenye kundi la familia.

15 Julai: Malengelenge

Siku tisa tu. Shule zimeshafunguliwa, nilipita jioni kufungua madirisha, nikawasha taa ya chumba cha nyuma. Ukuta wote wa chini umevimba vilengelenge, vingine kama punje ya mtama, vingine kama shilingi. Nilikitoboa kimoja kwa pini. Kilitoka maji kidogo, nikayagusa kwa ulimi: chumvi. Nyuma ya ngozi ya rangi lipu ilikuwa imelainika kama mkate uliolowa, na juu yake unga mweupe wenye sindano ndogondogo zinazometa ukizisogelea.

Nilitaka kumwita fundi arudishe rangi. Kabla sijafanya hivyo nilimpigia mama. Aliitika salamu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, hapo ndipo kilipokuwa kitanda chetu. Kila masika nilikuwa nakisogeza. Ukuta ule una maji tangu baba yako yu hai. Na atakayenunua usimfiche."

Basi 214,000 zimekwenda. Na mama alikuwa na jibu tangu mwanzo, ila hakuna aliyemuuliza. Kabla ya kumlipa fundi yeyote, muulize aliyelala ndani ya nyumba hiyo miaka thelathini.

18 Julai: Maji yanatoka wapi?

Niliambiwa na mzee mmoja fundi, aliyewahi kukarabati nyumba za zamani za mawe huku Pwani, nifanye jaribio hili. Kata karatasi ya nailoni upana wa daftari, ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne pasipite hewa, iache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa, fungua madirisha. Yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yangu yalikuwa upande wa ukutani, na mengi zaidi chini.

Kisha akanitoa nje, akazunguka nyuma ya ukuta ule ule. Pale mama alikuwa na bustani ya maua. Kwa miaka yote udongo, majani na mchanga wa kufagia vilirundikwa ukutani. Mzee alipima kwa kidole kutoka dirishani kwenda chini, nje na ndani. Udongo wa nje upo juu kuliko sakafu ya ndani kwa karibu sentimita 30. Karatasi ya lami ambayo baba aliiweka juu ya msingi kuzuia maji yasipande imefukiwa, maji yanaipita kwa juu. Na paa upande huo halina mfereji, kwa hiyo mvua yote inamwagika pale pale.

Chumvi nayo ina historia yake. Mzee alikwangua lipu ya zamani akanionesha vipande vya kombe ndani yake. Mchanga wa pwani. Zamani wengi waliutumia hapa kwa kuwa ulikuwa karibu, na baba naye hivyo hivyo. Maji yanapopanda yanaiyeyusha chumvi, yanapokauka yanaiacha juu ya ukuta, na punje zake zinapokua zinaibandua lipu. Rangi ya mafuta ilikuwa imeziba mdomo wa ukuta, maji yakakosa pa kutokea yakaisukuma.

Mpangilio mpya: kwanza nje, kisha lipu, rangi mwisho kabisa.

27 Julai: Udongo, mfereji, na lipu kuvuliwa

Vibarua wawili siku mbili wamechimba ukanda wa mita saba nyuma ya nyumba, upana wa nusu mita, mpaka karatasi ya lami ikaonekana na kupita chini yake kidogo. Tumeuinamisha kuelekea uani, tukamwaga kokoto. Asumini ya mama tuliing'oa na donge lake la udongo, tukaihamishia karibu na geti. Mfereji wa mvua mapande matatu, fundi akaunganisha bomba la kushushia maji mbali na ukuta.

Vibarua 60,000, kokoto 45,000, mfereji 84,000, vishikio na bomba 26,000, fundi 40,000. Jumla 255,000.

Ndani, lipu yote imebomolewa kutoka sakafuni hadi mita moja na robo, yaani nusu mita juu ya doa la mwisho. Kishawishi ni kuosha ukuta kwa maji uwe safi. Usioshe. Maji yanairudisha chumvi ndani ya tofali. Brashi kavu ya waya, turubai chini, na unga unaoanguka unatolewa nje ya kiwanja kabisa. Nimefanya hivyo mwenyewe kila Jumamosi.

Sasa ukuta unakauka. Mzee amesema wiki nne, kaka anasema tunapoteza muda. Nimesimama na mzee.

10 Agosti: Harufu ya pili, bure kabisa

Kusubiri kumenipa nafasi ya choo na bafu. Harufu ya mfereji wa maji machafu ilikuwa kali, na fundi bomba mmoja aliangalia kwa haraka akasema sakafu ivunjwe, 180,000. Nikamwomba anipe wiki.

Chini ya tundu la sakafu la bafu kuna kona ya bomba inayotakiwa kubaki na maji muda wote. Maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya karo isipande. Nyumba imekaa tupu miezi, hakuna aliyeoga, maji yamekauka. Nilimwaga ndoo moja ya maji kwenye kila tundu, bafu, choo na sinki la jiko, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili maji yasikauke upesi. Asubuhi harufu haikuwepo. Kama nyumba yako haina mtu, hii ndiyo kazi ya kwanza, na irudie kila wiki mbili.

Nilipotoka hapo nikajiona nimeweza, nikaharibu. Nilinunua dawa ya asidi ya kutoa uchafu kwenye tailizi, 6,000. Ilisafisha vizuri. Lakini nilifunga mlango nikaiacha "ifanye kazi", na mvuke wake ukaila koki mpya-mpya ya sinki ikageuka rangi ya kutu. Koki nyingine 18,000. Asidi iwe dirisha wazi, dakika chache, na maji mengi mara moja. Grauti ya kujazia viungo vya tailizi 24,000, kioo 25,000. Jumla ya bafu 73,000.

Kuanzia 25 Agosti: Chokaa

Ukuta umekauka kwa kuuona na kuugusa. Nailoni ya jaribio ina ukungu mwembamba tu.

Hapa tulibishana. Fundi wa kwanza alitaka saruji: "Dada, chokaa tupu itamomonyoka." Mzee alikataa. Saruji ni ngumu na inabana, unyevu uliobaki ndani utapanda juu zaidi kutafuta njia na doa litatokea mahali papya. Chokaa inapumua. Chumvi ikija, itaila lipu ya chokaa, na baada ya miaka unabadilisha lipu hiyo kwa bei ndogo, tofali likiwa salama. Nyumba za kale za mawe kuanzia Pangani hadi Lamu zilipigwa chokaa.

Kipimo chetu: chokaa ndoo 1, mchanga wa mto ndoo 3, na mchanga umeoshwa mpaka maji yakatoka safi. Chokaa ililowekwa kwenye pipa usiku kucha. Mkono wa kwanza unene wa sentimita moja, wiki moja kupita, kisha mkono wa pili. Mikono yote miwili inanyunyiziwa maji kama umande kila asubuhi kwa siku tano ili isikauke kwa pupa. Nilifanya kazi hiyo saa kumi na mbili na nusu alfajiri kabla ya kwenda shule. Siku niliyoshindwa kufika ilitoa nyufa nyembamba kama nywele upande wa dirisha, mzee akazisugua kwa ubao zikafunga. Glavu na miwani ni lazima, chokaa mbichi inaunguza.

Kubomoa lipu 40,000, chokaa mifuko 8 kwa 72,000, mchanga 60,000, mzee siku tano 200,000. Jumla 372,000. Ukijumlisha na rangi iliyoharibika, chumba kimoja kimekula karibu laki sita kabla ya kazi ya nje.

14 Septemba: Rangi, mwanga, geti

Hizi zilikwenda sawasawa. Vyumba vyote rangi ya maji nyeupe iliyovunjwa kidogo isiwe ya hospitali, ndoo mbili 170,000. Nje ndoo moja 190,000, imetosha mbele na ubavu unaoonekana barabarani tu. Nyuma tumeosha na kuacha. Fundi siku sita 180,000, msasa na brashi 35,000. Jumla 575,000, ndilo fungu kubwa kuliko yote. Ukuta wa chokaa haukuguswa na rangi ya dukani, umepakwa maji ya chokaa mara nne, mepesi kama maziwa.

Giza limeondoka kwa mambo mawili madogo. Balbu tisa na swichi tano mpya, pamoja na fundi umeme, 86,000. Vioo sita vya luva vilivyovunjika vikiwa vimezibwa kwa maboksi, 30,000, na wavu wa mbu mpya 48,000. Tulipotoa yale maboksi chumba cha mbele kilipata jua la asubuhi ambalo sikulikumbuka tangu utotoni.

Geti lilikuwa linalia. Bawaba zimechomelewa 20,000, rangi 42,000.

28 Septemba: Karatasi

Ningeandika sehemu hii mwanzoni kabisa kama ningejua. Wote tuliotaka kuona nyumba ikipendeza tulisahau kwamba mnunuzi mzito swali lake la kwanza ni: "Hati iko kwa jina la nani?"

Hati iko kwa jina la baba. Kaka alikuwa na Fomu Namba 4 ya usimamizi kutoka mahakama ya mwanzo, tukadhani inatosha kuuzia. Haitoshi kwa mnunuzi makini. Msimamizi anatakiwa asajiliwe kwanza kwenye hati, ndipo aweze kuihamisha. Kaka alipoanza mwezi Julai ilionekana jina la kati la baba kwenye hati lina herufi moja tofauti na lililo kwenye cheti cha kifo. Herufi moja. Kikatakiwa kiapo kwa wakili kwamba ni mtu yule yule, na safari ya pili ya kaka kutoka Dar. Imetoka wiki hii.

Kodi ya ardhi ilikuwa na deni la miaka minne, 96,000. Kodi ya jengo haikutupa shida kwa sababu hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kiapo, ada na nauli 212,000. Jumla ya karatasi 308,000.

Tumepata pia maandishi ya warithi wote kuridhia mauzo, sahihi ya mama ikiwa ya kwanza. Dada alisaini Muscat na kutuma. Risiti za EFD (mashine ya kodi) za vifaa vyote nimezibandika kwenye daftari, kwa sababu kodi ya mauzo hutozwa kwenye faida, na gharama za kuboresha jengo huingia kwenye hesabu. Fundi asiye na risiti nimemwandikisha karatasi na kusaini.

5 Oktoba: Kupanga, na kosa la udi

Nyumba tupu kabisa inaonekana ndogo na watu hawajui kitanda kitakaa wapi. Nimeazima kitanda cha futi tano kwa sita na shuka nyeupe, meza na viti vinne kwa jirani, nikanunua mkeka mmoja mkubwa wa ukindu 30,000. Mapazia ni ya marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, mita 12 kwa 42,000, kushona 10,000, fito 24,000. Kitambaa kile hupitisha mwanga na upepo, na kikipungwa na upepo chumba kinaonekana kinaishi. Jumla 106,000. Chumba cha nyuma nimekiacha bila kitanda ili ukuta uonekane wote.

Picha nilizipiga saa tatu asubuhi, madirisha wazi, simu usawa wa kifua, nikisimama kwenye kona. Zile za kwanza nilizopiga saa nane mchana zilikuwa nyeupe dirishani na nyeusi kwingine.

Wageni wa kwanza walikuja leo, mume na mkewe. Nikawafukizia udi, kama tunavyofanya mgeni anapokuja. Yule mama alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akauliza taratibu: "Kuna harufu gani mnaificha?" Hakukuwa na harufu yoyote ya kufichwa! Lakini swali lilikuwa la haki, na lilibaki naye mpaka wakaondoka. Udi ni wa mgeni wa mwaliko. Anayekuja kununua afunguliwe madirisha yote saa moja kabla, anuse nyumba yenyewe.

12 Oktoba: Cha juu

Wiki nzima hakuna aliyepiga simu, wakati nyumba ndogo kuliko hii mtaa wa pili ilikuwa inapata wageni. Mwalimu mwenzangu akampigia dalali wetu kama mteja. Akaambiwa milioni 72. Sisi tulimpa 65. Alikuwa ameweka cha juu milioni saba bila kutuambia.

Sikugombana naye, tulikuwa hatujaandikiana chochote na hilo ni letu. Tumeachana naye. Kwa dalali mpya tumeandika karatasi moja mbele ya shahidi: bei ni 65 na ni ya kuzungumza, malipo yake ni asilimia 3 ya bei itakayouzwa, analipwa siku fedha zinapoingia, hakuna cha juu. Bei tumeiandika pia kwenye kila tangazo, ili mnunuzi aione kabla ya kumsikia mtu.

19 Oktoba: Ukuta unaulizwa

Wamekuja wawili, muuguzi na mumewe, wanahamia Tanga kutoka Korogwe. Mume aliingia chumba cha nyuma, akaweka kiganja chake ukutani, chini karibu na sakafu, akakiacha pale muda mrefu. Mimi nikafungua simu. Nikamwonesha picha zote kwa tarehe: rangi ya mafuta, malengelenge, tofali tupu, udongo uliochimbwa, chokaa. Nikamwambia ukuta ule ulikuwa na maji, tumeondoa chanzo, lakini mchanga wa baba una chumvi na huenda baada ya miaka lipu ile ikahitaji kurudiwa. Dalali alikuwa nyuma yangu ananikonyeza ninyamaze.

Yule bwana akaenda nje kuangalia mfereji na kokoto, akarudi, akauliza chokaa tulinunua wapi. Wamesema milioni 58. Kaka amejibu 63. Tumekutana 61.

9 Novemba: Mkataba

Wakili alifanya upekuzi ofisi ya ardhi, hati haina zuio wala mkopo. Barua ya serikali ya mtaa tuliifuata mapema, maana uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 umeijaza ofisi kazi. Wamelipa milioni 45 benki siku ya kusaini, 16 zitaingia hati ikitoka kwa majina yao. Dalali amekubali kugawa malipo yake vivyo hivyo, jumla yake 1,830,000.

Hesabu ya maandalizi: kutoa vitu 75,000, paa 161,000, rangi iliyopotea 214,000, udongo na mfereji 255,000, chokaa 372,000, rangi 575,000, bafu 73,000, umeme 86,000, vioo na wavu 78,000, geti 62,000, kupanga 106,000, karatasi 308,000. Jumla 2,365,000. Tulikuwa na 2,810,000 pamoja na zile za makochi, zimebaki 445,000. Mama ameomba zitumike kwa dua ya baba kabla ya chochote kingine.

23 Novemba: Funguo

Tumesoma mita ya maji pamoja na kuandika namba. LUKU imebaki na yuniti chache, nimewaachia. Vuli imeanza, wiki hii imenyesha siku tatu mfululizo, na kabla ya kukabidhi nilibandika nailoni mara ya mwisho. Upande wa ukutani ni mkavu mita yote, isipokuwa kona moja ya chini, upana wa kiganja, yenye ukungu hafifu. Nimewaonesha kona hiyo.

Yule dada muuguzi ameomba asumini ibaki, nikamwambia isogezwe popote apendapo ila si ukutani. Mfuko mmoja wa chokaa ulikuwa umesalia, nimemwachia pamoja na brashi pana na karatasi ya vipimo: loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa, paka mara nne, kila mara ukutani pakiwa na umande wa maji. Watu wengine hutia chumvi kidogo ili ishike. Kwenye ukuta huu asitie.